Jiwe la Jenerali na Kaburi la Kashaija

Fundi Melkiory wa Kiruruma alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na hakuna mganga aliyeuweza: hakuvumilia kitu kilichopinda. Ukimkaribisha nyumbani kwako, kabla hajakaa atautazama ukuta wako, atafumba jicho moja, kisha atakusikitikia. Mkewe Eugenia alijifunza kuifunga kamba ya kuanikia nguo sawasawa, la sivyo mume angetoka kwenda kuifungua na kuifunga upya huku ndizi zikipoa mezani. Watu walimtania kwamba hata kanisani, padri akitoa baraka, Melkiory hupima kama mkono umeshuka wima. Hakukasirika. Mfukoni alitembea na kamba yake ya uashi, ya katani iliyosokotwa vizuri, aliyorithi kwa fundi mmoja kutoka Bukoba aliyemfundisha kazi. Hata Jumapili alikuwa nayo, kama mwingine anavyotembea na tumbaku.

Kamba hiyo itajwe mapema, maana ndiyo iliyomponza.

Mwaka 1952 Bwana Shauri, ofisa wa serikali wa wilaya, Mzungu kijana aliyependa mambo ya kale ya watu wengine, alifika Kihanga na wazo. Alitaka jiwe la kumbukumbu kando ya barabara, mahali ambapo jenerali wa Kiingereza alipumzika wakati wa vita vya kwanza, akapokewa na mzee Kashaija. Jiwe liwe refu kama mtu, liwe na maandishi, na wakubwa waje kulifungua kabla ya mvua. Akauliza fundi wa mawe ni nani, na wote wakajibu jina moja.

Hadithi ya Kashaija ilijulikana na kila mtu Kihanga. Enzi za Wajerumani alikuwa mmoja wa watunzaji wa ngoma ya mkama, mfalme wetu. Wajerumani walipoitaka ngoma hiyo, akaificha. Ofisa wao akaja na askari mpaka nyumbani kwake. Kashaija akamkaribisha kwa maneno mazuri, akatoa kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, akakishika kwa mikono miwili, akampa. Hakuonja. Na katika nchi hii mwenye nyumba huonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ndipo humpa. Ndiyo kusema: mimi na wewe ni wamoja, kama ni kufa tutakufa wote. Asiyeonjewa hajakaribishwa, hata akipewa pipa zima. Ofisa alikuwa ameishi Karagwe muda wa kutosha kuelewa alichoambiwa, na hakukigusa kile kibuyu. Kashaija akalazwa kifudifudi akachapwa viboko hamsa ishirini, na ngoma haikuonekana.

Waingereza walipokuja kutoka upande wa Uganda, jenerali wao akaketi kupumzika njiani, mbele ya kibanja kile kile, shamba la migomba lililozunguka nyumba ya Kashaija. Kashaija akatoka na kibuyu, makovu yakiwa bado mgongoni, akavuta mrija kidogo, akameza, akampa. Jenerali akanywa, akafuta masharubu, akaenda zake. Basi, ni hayo tu. Wazee walipenda kusema kwamba jenerali alidhani amepewa kinywaji, kumbe amepewa undugu, na hakurudi hata siku moja kuulizia ndugu yake. Miaka mingi baadaye Kashaija akafa, akazikwa ndani ya kibanja chake chini ya mti mkubwa wa mtoma, kama wazikwavyo watu wetu, ili asiwe mbali na migomba yake. Mjane wake, Mama Kokubanza, alibaki hapo peke yake, akipalilia kahawa na kaburi kwa jembe lile lile.

Jirani yake upande wa chini alikuwa Desderius. Baba yake Desderius aliletwa kutoka Muleba kufanya kazi ya serikali, na mtoto akapanda mpaka akawa mkungu, kiongozi wa kijiji. Alikuwa na duka, baiskeli, na sauti ya taratibu ambayo ilimfanya mtu ajione mjinga kwa kubishana naye. Kati ya kibanja chake na cha Mama Kokubanza ulisimama mstari wa miramura, ile miti myembamba yenye majani marefu ambayo kwetu ndiyo mpaka. Mramura hauna kelele, hauzai tunda, lakini ukisimama mahali umesema, na majirani wamekubali. Hata mtoto achungaye mbuzi anajua kwamba haung'olewi mpaka majirani wote wawili wasimame hapo, na mzee mmoja katikati yao. Anayeung'oa peke yake ni mwizi, au ni mwendawazimu.

Melkiory hakuwa mwizi wala mwendawazimu. Alikuwa na haraka, na alikuwa amevimba kichwa. Bwana Shauri alimwambia kwamba, kwa kuwa kazi ni nzuri, ana ruhusa ya kuchonga jina lake mwenyewe chini ya jiwe, kwa herufi ndogo. Fundi aliyejenga nyumba za nusu ya tarafa, na hakuna hata moja iliyobeba jina lake, alirudi nyumbani siku hiyo akamwambia Eugenia habari hiyo mara mbili, na alipomaliza kula akamwambia tena.

Mahali palipochaguliwa palikuwa pale kwenye kona, ambapo mpaka wa miramura unagusa barabara. Melkiory alipoanza kuchimba msingi, Mama Kokubanza hakuwepo. Alikuwa Kibingo kwa binti yake aliyejifungua.

"Fundi," Desderius alimwambia, akiwa amesimama na mikono nyuma, "gari la Bwana Shauri litageuzia wapi? Hii miramura ya mbele inabana nafasi."

"Mama Kokubanza yuko Kibingo, mkungu."

"Najua. Akirudi atakuta jiwe la mumewe. Yuko mwanamke wa kulalamikia hilo?"

Melkiory alikuna kichwa. Akajiambia kwamba ni michache tu, ya mbele, kwa ajili ya heshima ya marehemu, na kwamba itaoteshwa tena. Akaing'oa, akaifunika kwa majani ya mgomba ili isikauke, akaendelea na kazi. Vipande vya mawe vilivyobaki na chokaa iliyomwagika alivisukuma ndani ya yale mashimo, maana hakupenda uchafu kwenye kazi yake.

Jiwe likasimama. Lilikuwa zuri, na mwenyewe alilizunguka kama mtu anayetazama ng'ombe wa mahari. Lakini alipogeuka nyuma akaona jambo lililomkera: mstari wa miramura iliyobaki ulikuja kwa kuyumbayumba kutoka bondeni, kama unavyokuwa mpaka uliopandwa na wazee waliofuata mizizi na mawe, na ulipofika kwenye msingi wake ulionyooka ukaonekana kituko.

"Mstari umepinda, fundi," Desderius alisema, kwa sauti ile ile ya taratibu.

Hakuhitaji kusema zaidi. Melkiory alitoa kamba mfukoni. Akaifunga kwenye pembe ya msingi, akaivuta mpaka chini kabisa ya kibanja, akaikaza ikalia. Kisha, mramura mmoja baada ya mwingine, akaung'oa mstari wote na kuuotesha upya kwa kufuata kamba. Mashimo ya zamani akayajaza masalio ya kazi yake, yale yale mawe na chokaa. Alifanya kazi hiyo kwa furaha, akipiga mluzi. Alipomaliza akarudi kwenye jiwe, akafumba jicho moja, akatazama. Mpaka ulikuwa umenyooka ajabu.

Kisha akafumbua jicho la pili, akauona mtoma. Mtoma na kaburi lililo chini yake vilikuwa upande wa Desderius.

"Umenyooka kweli," mkungu alisema. "Kazi ya fundi huonekana." Akachukua baiskeli yake akaondoka.

Melkiory alisimama pale akiwa na udongo mikononi. Alijua alilolifanya, asisingiziwe kwamba hakujua. Akaahidi kwamba kesho asubuhi ataurudisha mstari ulipokuwa. Lakini kesho ilikuwa ya kuchonga maandishi, na Bwana Shauri alisimama nyuma yake akitazama kila herufi. Keshokutwa yake ilikuwa ya kuchonga jina lake mwenyewe. Halafu ikaja siku ya sherehe, na miramura bado imesimama pale pale, majani yameanza kunyong'onyea.

Siku ya sherehe watu walijaa barabarani. Mama Kokubanza alifika kwa miguu kutoka Kibingo, vumbi mpaka magotini, akakalishwa mbele karibu na wakubwa. Hotuba zikasomwa, kitambaa kikavutwa, watu wakapiga makofi. Umati ulipoanza kutawanyika, mjane alimwita Melkiory.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee. Mimi sikusoma."

Melkiory akamsomea. Jina la jenerali lilikuwa juu, kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi za wastani, iliandikwa kwamba hapa alikaribishwa na Kashaija, mtu mwaminifu.

"Mwaminifu kwa nani?"

"Haikuandikwa, mama."

Kikongwe akacheka mpaka bega likatikisika. "Waitu! Wamemvisha kilemba cha ukoka. Angekuwepo angewauliza. Lakini jina lake lipo?"

"Lipo."

"Umelichonga wewe?"

"Nimelichonga mimi."

Mama Kokubanza alifungua kikapu chake akatoa kibuyu kidogo cha lubisi, aliyoibeba kutoka kwa bintiye. Akavuta mrija, akameza akimtazama machoni, kisha akampa kwa mikono miwili. Melkiory akanywa. Ilishuka kama kokoto. Hapo ndipo angesema, watu wakiwa wachache na mwenye kibanja yuko mbele yake. Badala yake akasema asante, akaambiwa karibu tena, akaenda nyumbani kwa njia ya mbali ili asipite penye mtoma.

Siku ya pili mjane aliuona mpaka. Hakupiga kelele. Alikwenda kwa mzee Kamugisha, aliyesimamia baraza la wazee, akadai haki yake. Baraza likakaa kwenye ukumbi wa nyumba ya mikutano. Desderius alieleza kwa upole kwamba yeye hakugusa mti hata mmoja, na wote waliona ni kweli. Miramura ilikuwa imesimama, na mramura ukisimama umesema.

"Shahidi wangu ni fundi," alisema Mama Kokubanza. "Yeye ndiye aliyechimba. Yeye anajua ilikuwa wapi."

Kamugisha, mzee mwenye kifua kibovu ambaye alitaka kesi iishe akapumzike, akamgeukia Melkiory. "Fundi, ulipoikuta miramura, ilikuwa imesimama wapi?"

 Melkiory alimwona Desderius, ambaye hakumtazama hata kidogo. Aliliona jiwe kwa mbali kupitia mlangoni, na akafikiri jinsi Bwana Shauri atakavyosema fundi wake ameng'oa mpaka wa watu kienyeji, na jiwe litakavyovunjwa au kuhamishwa, na jina lake pamoja nalo.

"Niliotesha nilipoona panafaa," alisema.

"Sikukuuliza hilo. Ilikuwa wapi?"

"Sikumbuki vizuri, mzee."

 Mtu aliyekumbuka pembe ya kila ukuta aliojenga tangu ujana wake alikuwa amesahau mstari wa miti alioung'oa mwezi huo huo. Wazee wakatazama chini. Kamugisha akakohoa muda mrefu, akasema basi, bila shahidi miramura ibaki ilipo. Mama Kokubanza alisimama, akajifunga khanga yake vizuri, akamwambia Melkiory bila hasira, "Nilikuonjea, mwanangu." Akatoka.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Melkiory hakufa, lakini alianza kukonda. Alikataa kazi mbili nzuri akisema mgongo unamsumbua. Kamba aliitundika ukutani nyuma ya mlango. Usiku alilala kama kawaida, maana uchovu hauna aibu, lakini mchana, kila alipoona kitu kilichonyooka, iwe ufito, iwe ukingo wa barabara, moyo ulimsuta. Akaanza kufurahia vitu vilivyopinda, na hilo ndilo lililomtisha Eugenia.

"Unaumwa nini?" mkewe alimuuliza.

"Siumwi."

"Ukuta wa Placidius umebomoka upande mmoja, umepita mbele yake, hukusema neno. Melkiory, mimi ni mkeo. Ulikumbuka au hukukumbuka?"

Melkiory akautazama mlango wenye kamba nyuma yake. Eugenia akaendelea kumenya ndizi, na maganda yakaanguka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Alikwenda kuungama. Padri, mzee aliyezoea dhambi za watu wa shamba, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama kaburi lile limo ndani ya kanisa. Melkiory akasema halimo. "Basi mbona umelileta hapa?" padri akasema. "Kwa Mungu nitakuombea. Lakini kibanja si cha Mungu peke yake, kina mwenyewe. Nenda kwake kwanza." Na hakumpa maondoleo siku hiyo. Melkiory alitoka na hasira, na akakaa na hasira hiyo wiki nzima, kwa kuwa ilikuwa nyepesi kuibeba kuliko aibu yake.

Ikafika Sikukuu ya Marehemu. Asubuhi hiyo kila nyumba husafisha makaburi yake. Melkiory alikuwa anapita barabarani kwenda kwa wazazi wake, jembe begani, akamwona Mama Kokubanza. Alikuwa amesimama nje ya mpaka, upande wake mpya, akiwa na jembe lake dogo na kikapu cha majani makavu ya kutandaza. Alikuwa anangoja. Mke wa Desderius alikuwa amekwenda misani na Desderius alikuwa dukani, na bila ruhusa ya mwenye shamba yeye hakuweza kuvuka kwenda kupalilia kaburi la mumewe. Magugu yalikuwa yamefika kwenye goti la mtu. Mtoma umemwaga majani juu yake, na hakuna aliyefagia.

"Shikamoo, mama," Melkiory alisema.

"Marahaba."

"Umengoja sana?"

"Tangu jua lilipotoka. Si kitu. Nimemzoea, hata akiwa hai alikuwa anachelewa."

Melkiory aliweka jembe chini. Akashindwa kutembea kwenda mbele wala nyuma. Aibu ilimshika kama homa, kuanzia miguuni, na akalia pale pale barabarani, mtu mzima mwenye mvi, akijifuta kwa kiganja chenye sugu. Mama Kokubanza alimtazama tu. Hakumbembeleza, na hakumwambia anyamaze.

Siku hiyo hiyo akaenda kwa Kamugisha. Akasema, "Mzee, nilidanganya. Nakumbuka kila shimo." Akaomba majirani wote wawili waitwe, na wazee, na wafanye kama ilivyopaswa kufanywa tangu mwanzo.

Walikusanyika kwenye kona, mbele ya jiwe. Desderius alikuja amevaa koti. "Jana hukumbuki, leo unakumbuka," alisema. "Kesho utakumbuka nini?"

"Usiniamini mimi," Melkiory akajibu. "Amini chokaa."

Akachukua jembe. Hakutoa kamba, ilibaki nyuma ya mlango. Alitembea kwa macho yake, akiyumbayumba na ardhi kama walivyoyumba wazee, na alipofika mahali akachimba. Vikatoka vipande vya mawe vyenye chokaa, masalio ya kazi yake mwenyewe. Akasogea, akachimba tena, vikatoka. Alishuka hivyo mpaka bondeni, shimo baada ya shimo, na kila shimo lilimtolea ushahidi dhidi yake. Mstari ule ulipita mbali na mtoma. Kaburi lilikuwa upande wa mjane, pamoja na mikahawa kadhaa na nusu ya msingi wa jiwe.

Kamugisha alisimama katikati ya majirani. Hakuhitaji kuamua, watu wote walikuwa wameona. Desderius alisema kwamba Bwana Shauri atapata habari hii, na kwamba watu watajua ni fundi wa namna gani. "Watajua," Melkiory akakubali. Mkungu akaondoka na koti lake. Na kweli Bwana Shauri alipata habari, na fundi wa Kiruruma hakupewa tena kazi ya serikali maisha yake yote.

Walipomaliza kuotesha, Melkiory alitoa tindo na nyundo, akapiga magoti mbele ya jiwe, pale chini palipokuwa na jina lake.

"Unafanya nini?" Mama Kokubanza aliuliza.

"Nalifuta, mama. Sistahili."

"Acha."

"Mama, nakuomba."

"Acha, nimesema. Atakayesoma atauliza huyu ni nani, nami nikiwa hai nitamjibu." Kisha akawageukia wazee. "Mmefanya kazi juani. Kaeni."

Akaingia ndani akatoka na lubisi. Alianza na Kamugisha: akavuta mrija, akameza, akampa. Akaonja tena, akampa wa pili. Akaonja, akampa wa tatu. Wazee walikunywa wakicheka, na mmoja akapiga kofi kwenye jiwe la jenerali na kusema tayari limepata kazi, mwenye kibanja ataanikia kahawa juu ya msingi wake. Mama Kokubanza akasema kesho ataanza.

Mwisho alifika kwa Melkiory, aliyekuwa bado amekaa kwenye udongo, tindo mkononi. Alisimama mbele yake na kibuyu kilichojaa. Mrija ulikuwa karibu na mdomo wake. Hakuugusa. Alikishika kibuyu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akampa.

Wazee wakaacha kucheka.

Melkiory alikitazama. Ofisa wa Kijerumani, siku ile, alikataa. Yeye alipokea kwa mikono miwili, akanywa, na hakuacha mpaka mrija ukaanza kuvuta hewa. Ilikuwa lubisi nzuri, iliyoiva vizuri, haikuwa na kitu kingine ndani yake. Akamrudishia kibuyu.

"Asante, mama."

Mama Kokubanza alikipokea, akakipindua kumwaga tone la mwisho, akaingia ndani. Hakumwambia karibu tena.